Muvi za Nyongeza

Shuleni nilisoma kompyuta ubaoni. Mwalimu alichora sanduku kwa chaki, akaandika "CPU ni ubongo", nasi tukanakili. Nilifaulu bila kugusa kitufe hata kimoja.

Kwa hiyo laptop yangu ya mtumba ilipoanza kuzimika yenyewe, sikuwa na la kumwambia fundi wa sokoni Mwanjelwa zaidi ya, "Inapata moto, halafu inakata." Na jambo la pili nikalirudia: "Humo kuna video za marehemu mama yangu. Sina kwingine. Simu niliyomrekodia iliibiwa."

"Ondoa shaka, dada. Hii ni ya kupiga window tu."

Kwao kila ugonjwa dawa yake ni kupiga window, yaani kuweka Windows upya. Chaji haiingii, window. Sauti haitoki, window.

"Na video zangu?"

"Mama mtoto, mimi naonekana mgeni wa hii kazi?"

Mama alikuwa Mhehe wa Tosamaganga, Iringa. Mwanangu alipozaliwa alikuja kunilea Mbeya, nikawa namrekodi akimwogesha mtoto, akimsemesha Kihehe, akimcheka pua. Kihehe changu mimi ni cha kuokoteza. Nilitegemea video zile zimfundishe mtoto. Kila Jumapili tulifungua laptop juu ya blanketi, maana baridi ya huku si ya kukaa sakafuni, na mtoto akawa anamjibu bibi yake kama vile yupo.

Nilipoifuata laptop, fundi alikuwa anatabasamu. "Imekuwa mpya. Na nimekujazia muvi na nyimbo, nyongeza yako."

Ndivyo walivyo. Kurudisha kompyuta tupu wanaona ni uchoyo.

"Mama yangu yuko wapi?"

"Zilikuwa kwenye C? Aah, C huwa inafutika, dada. Ila muvi zote zimetafsiriwa Kiswahili, utafurahi."

Nilimtukana mpaka wauza mitumba wakaacha wateja wao. Na wiki hiyohiyo laptop ikazimika tena.

Nilipokwenda Iringa kupalilia kaburi la mama, niliipeleka kwa fundi mwingine, pale Ipogolo. Akafungua mfuniko wa chini. Feni ilikuwa imezibwa na manyoya ya blanketi. "Ilikuwa haipumui," akasema. "Window haihusiki kabisa hapa."

Yaani mama yangu alifutwa kwa sababu ya manyoya.

Akasafisha kwa brashi. Nikamuuliza kuhusu video. Akachomoa hard disk, akaiunganisha kwenye mashine yake, akanieleza kwamba kitu kikifutwa hakiondoki palepale, kinakaa mpaka kingine kiandikwe juu yake.

"Baada ya kufuta aliweka nini?"

"Muvi."

"Nyingi?"

"Ameijaza pomoni."

Alitafuta mchana kutwa. Yakatoka majina ya video tu, ndani hamna kitu. "Pole, dada yangu. Angeirudisha tupu, pengine tungempata mama."

Sasa inafanya kazi vizuri, feni hata huisikii. Nimemweleza mtoto kwamba bibi hayumo tena. Jumapili anatandika blanketi vilevile.

"Mama, fungua bibi."

Nisipofungua anabonyeza mwenyewe. Inatoka muvi, na sauti ya lile jitu linalotafsiri ngumi na mateke kwa kupiga makelele. Mwanangu anakaa kimya, mikono mapajani, analingoja limalize ili bibi aongee.