Joho la Majusi wa Tatu

Wiki iliyopita fundi alikuja kubadilisha kioo cha dirisha ofisini kwetu, hapa Chato. Alipofungua kopo la pati, ule ugali mzito wa chokaa na mafuta ya kitani wanaoushindilia kando ya kioo, harufu ilinikuta na kalamu mkononi, na kazi ikaniishia hapo hapo. Nilimwomba anipe kidonge kidogo nikifinyange. Alinitazama kwa wasiwasi, lakini akanipa. Angejuaje kwamba kwangu harufu ile ni Kahama, ni bustani ya mama, na ni mjomba Masanja ameinama juu ya karai akitafuta dhahabu kwenye nguo ya mfalme?

Mama alikuwa fundi wa vioo vya rangi. Kama unashangaa, usijali, hata Kahama walishangaa, maana mji ule ulijua mchele, ng'ombe na dhahabu, basi. Ujana wake alifanya kazi misheni kwa sista mmoja mzee kutoka Ulaya, ambaye alimfundisha kukata kioo na kukishika kwa vipande vyembamba vya madini ya risasi, na alipoondoka akamwachia vyombo vyake vyote. Karakana ilikuwa banda la mabati nyuma ya nyumba, katikati ya matuta ya mchicha na mipapai. Siku nyingi mama aliweka vioo vya kawaida madirishani na fremu za picha za harusi, ila mabaki ya vioo vya rangi aliyafunga waya na kuyaning'iniza kwenye mipapai. Kuku wetu mweupe akipita pale asubuhi alikuwa wa bluu, akifika kwenye pilipili akawa wa kijani, akatoka upande wa pili mweupe vilevile wala hana habari.

Mjomba Masanja alikuwa mdogo wake mama, mchimbaji wa huko Geita. Duara lao, yaani shimo la kuchimbia, likijaa maji au likikataa kutoa, tulimwona mlangoni na blanketi, karai la kuoshea mchanga, kinu cha chuma cha kupondea mawe, na redio yake aliyoifunika kitambaa ili isipate vumbi. Alikaa kwetu mpaka asikie habari za duara jipya. Alikula vizuri na kutuchekesha vizuri zaidi. Siku ya kwanza aliyomsikia mama akiniambia, "Kabula, niletee almasi," aliinuka kwenye kigoda kabla yangu. Almasi ndilo jina ambalo mafundi wameipa kalamu ya kukatia kioo. Mama akamwonyesha nukta ya almasi yenyewe kwenye ncha. Mjomba akaigeuzageuza juani, akairudisha akisema ni ndogo mno, haina soko.

Mwaka ninaousimulia, mvua ya mawe ilivunja dirisha kubwa la kanisani, lile la Mamajusi watatu. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi alikuwa Mama Neema, jirani yetu wa ng'ambo ya uzio wa minyaa, mwanamke aliyenyooka kama rula. Alitaka dirisha jipya la alumini, lifunguke, liingize hewa, mambo yaishe. Padri akaomba mama apewe nafasi mpaka Krismasi. Likiwa tayari na likipendeza, linarudi ukutani. La sivyo inawekwa alumini, na Mamajusi wanakwenda stoo kukaa na popo. Mama hakuwahi kupewa kazi kubwa namna ile. Nilijua ameogopa, kwa sababu aliacha kuimba akiwa kazini.

Karibu kila kitu kilikuwa kimepasuka, isipokuwa joho la Majusi wa tatu, yule aliyebeba dhahabu. Lilikuwa kipande kimoja kikubwa, chekundu kama juisi ya rozela kwenye glasi. Mama alilifunga kwenye kanga, na kila mgeni alionyeshwa. Jioni moja tukila, akatuambia alichoambiwa na yule sista, kwamba wekundu wa aina ile hupikwa kwa kutiwa dhahabu ndani ya kioo.

Mahali pengine watu wangesema ni ajabu, wakaomba mboga. Mjomba aliacha kutafuna. Akauliza kwa upole ni gramu ngapi. Mama akacheka, akasema hajui. Mjomba akauliza tena, lakini ni dhahabu? Mama akamwambia ni dhahabu kabisa, kisha tukahamia kwenye habari za bei ya mchele. Tulihama sisi wawili tu.

Siku mama alipokwenda Shinyanga kutafuta bati la kulehemu, nilirudi kutoka shule nikasikia kinu tangu njiani. Mtaa wetu uliijua sauti ya kinu cha wachimbaji, hakuna aliyegeuza shingo. Ila siku ile kinu kililia kwa sauti nyembamba, ya kukwaruza meno. Mama Neema naye alikuwa amechungulia juu ya minyaa, akauliza kinapondwa nini. Mjomba akajibu ni mawe ya sampuli. Mama Neema akasema haya, akaondoka.

Nilipofika bandani, kanga ilikuwa imekunjuliwa na joho lilikuwa unga. Mjomba alifurahi kuniona. Alinieleza mpango wote huku jasho linamtoka: angeitoa dhahabu, amjengee mama karakana ya matofali, yenye mlango wa kufuli na umeme. Kioo chenyewe, alisema, kitanunuliwa kingine, vioo vimejaa madukani. Akautia ule unga kwenye karai, akamimina maji, akaanza kulizungusha. Nitasema kweli, lilikuwa jambo zuri kulitazama. Viganja vyake vilikwenda taratibu, maji mekundu yakazunguka na kumwagika kidogo kidogo pembeni, nami nilichuchumaa nikisubiri kitu cha njano kama nasubiri kifaranga kitoke yaini. Hakikutoka. Aliosha tena, na tena, uso ukimshuka kila mara.

Mama alitukuta hivyo. Aliangalia kanga, akaangalia karai, akakaa juu ya ndoo ya rangi bila kuvua viatu vya safari.

"Masanja, hilo ni joho la kanisa."

"Dada, ulisema ni dhahabu."

"Nilisema."

Ugomvi wao wote ulikuwa huo. Mama aliingia ndani, na usiku ule tulikula mahindi ya kuchoma niliyoyachoma mwenyewe, nusu mabichi. Asubuhi mjomba hakuwepo, wala redio. Nilijua amekimbilia machimboni, nikamchukia kwa moyo wangu wote. Mama alikausha ule unga juani, akautia kwenye kopo la maziwa, akaendelea kuunga Majusi wa kwanza na wa pili. Wa tatu alilala mezani bila nguo.

Siku zilipita. Kisha mjomba akashuka kwenye basi la Shinyanga, shati limemchakaa, mikononi amekumbatia furushi. Ndani mlikuwa na taa mbili kuukuu za reli, zile walizokuwa wakipungia treni, kila moja ina kioo chekundu bapa, kikubwa kama kiganja. Alikuwa amezunguka mji mzima akiuliza kwenye vyuma chakavu, kwa wastaafu wa reli, nyumba kwa nyumba, namna wanavyoulizia mwamba mpya. Hakuja na redio. Mama hakumuuliza imekwenda wapi. Alikinyanyua kioo kimoja juani, na wekundu wa damu ya mzee ukamshukia shavuni.

"Si chenyewe," akasema. "Lakini kinafaa. Washa jiko."

Vioo viwili havikutosha joho zima. Mama alivikata vipande, akajazia zambarau hapa na rangi ya chungwa pale kutoka kwenye mipapai, mpaka mfalme akavaa joho la viraka. Mjomba alipuliza mkaa, akashika risasi, akafokewa, akashika tena. Siku ya kutia pati, mama alifungua lile kopo la maziwa, akamimina unga wote mwekundu kwenye mchanganyiko. Nilipouliza akaniambia hatutupi kitu cha kanisa. Nilikuja kusoma baadaye, nikiwa chuoni, kwamba yule sista aligusa ukweli: wekundu ule hutiwa dhahabu, ila kidogo mno na imetawanyika mno, hakuna karai duniani litakaloikamata.

Krismasi dirisha lilikuwa ukutani. Mama Neema alilitazama kwa muda mrefu, akauliza mbele ya watu joho limekuwaje. Mama akajibu lilimvunjikia mkononi. Nilimtazama kwa hasira. Miaka yote iliyofuata waliposema dirisha limependeza, kulikuwa na mtu wa kuongeza, pole na lile joho, na mama aliinamisha kichwa. Mjomba, ambaye hakuwa ameingia kanisani tangu ubatizo, alianza kuja kila Jumapili. Hakurudi tena machimboni. Akawa fundi, na nyumba yetu ikawa yake. Mimi niliona mama amebebeshwa mzigo wa mtu mwingine, na kwamba watu wazima wa mtaa ule ni wepesi kudanganywa.

Krismasi iliyopita nilikwenda nyumbani. Baada ya misa tulikunywa chai nje, na padri mpya, kijana, akamwomba mama awaeleze watoto kwa nini mfalme ana viraka. Mama akasema, kwa urahisi wa mazoea, "Lilinivunjikia mkononi, Baba."

Mjomba akasimama. Nywele zake sasa ni nyeupe kama yule kuku wetu.

"Baba Padri, dada anasema uongo. Nililiponda mimi, nikitafuta dhahabu."

Mama alikuwa anaangalia viatu vyake. Kisha Mama Neema, anayetembea kwa mkongojo siku hizi, akasema bila hata kugeuka, "Kaa, Masanja. Tulisikia kinu."

Wazee wote wakaangua kicheko. Nikageuka huku na huku, na kila uso niliouangalia ulikuwa ukijua. Ndipo waliponisimulia kwamba Mama Neema alikuwa ameusikia mlio ule, akajua ni kioo, akaenda kuwaambia wenzake wa kamati siku ileile, na wakakubaliana kuuliza kidogo na kuamini watakachojibiwa, maana kama lingesemwa wazi, Masanja asingekanyaga tena pale wala kwetu. Zile pole za joho alizopewa mama miaka yote zilikuwa pole za kweli, nami nilizisikia kama masimango. Mama alidhani anamficha ndugu yake peke yake, kumbe mtaa mzima ulikuwa umeshika upande wa pili wa ile kanga.

Mjomba hakujua aweke wapi mikono. "Wabeja," alishukuru mwishowe kwa Kisukuma, akakaa. Mama Neema akamsogezea sahani ya vitumbua.