Maji Yenye Dawa

Kazi niliyoipenda kuliko zote nilizofanya Kampala ilikuwa ya kuangalia pampu. Sikudumu nayo, miaka ile sikudumu popote. Niliacha shule darasa la sita, nikatoka Kisumu, nikapitia viwanda viwili na gereji moja, na kila mahali nilikaa mpaka nilipoelewa mashine inavyofanya kazi, kisha nikachoka.

Shamba lilikuwa bondeni, chini ya Kalerwe, ukingoni mwa kinamasi. Mwenyewe, Mhindi, alikuwa amefukuzwa nchini pamoja na wenzake, na shamba likapewa mkubwa mmoja wa jeshi aliyekaa Nakasero, ambaye sikuwahi kumwona. Tuliyemwona ni sajenti wake. Tulilima kabichi na sukuma wiki, na karibu zote zilipelekwa kambini kuliwa na askari.

Mhindi aliacha mtambo mzuri. Pampu ya dizeli ilivuta maji ya chemchemi na kuyapitisha kwenye mabomba hadi kwenye vinyunyizio, vile vichwa vya chuma vinavyozunguka vikirusha maji. Kando ya pampu palikuwa na pipa. Ukimimina humo dawa ya wadudu na kufungua koki ndogo, pampu yenyewe iliifyonza na kuichanganya na maji, na baada ya saa moja shamba zima lilikuwa limenyweshwa na kutiwa dawa bila mtu kubeba chochote mgongoni. Siku ya kwanza nilichutama pale muda mrefu nikiutazama mpira mwembamba ukifyonza dawa pipani. Na karatasi ya kwenye mkebe wa dawa nilihangaika nayo kwa Kiingereza changu cha darasa la sita. Nilichopata ni picha ya fuvu la kichwa, na kwamba mboga zisichumwe kabla ya siku kumi na nne.

Mtu niliyerithi kazi yake alikuwa amesema kwa utani, mbele ya dereva wa kambi, kwamba yeye huwapikia askari sumu. Gari lilikuja kumchukua na hakurudi. Ndiyo maana sajenti alinipa sharti moja tu.

"Hapa hakuna sumu," alisema. "Hapa iko dawa."

Mifereji ya mtaani ilikuwa mikavu kwa miezi, na akina mama wa jirani walichota kwetu, kwenye kiungo cha bomba kilichovuja. Sajenti aliwaachia; alipenda kushukuriwa. Siku za dawa ilikuwa juu yangu kuwazuia. Niliwaambia wasichote, maji yana dawa. Nikarudia kwa Kiganda nilichookota mitaani, *eddagala*, neno ambalo nalo ni la hospitali na la shamba vilevile. Waliitikia, wakaenda zao. Nilijiona nimeeleweka.

Siku moja ya dawa, asubuhi, alikuja mwanamke ambaye sikuwa nimemwona, wa umri wa shangazi yangu. Alipiga magoti akanisalimu, kisha akaweka debe chini ya kiungo. Nikamwambia maji yana dawa. Akasema anajua, ndiyo yaliyomleta. Mama yake alikuwa amekohoa mwezi mzima, zahanati haikuwa na hata kidonge, na jirani alimweleza kwamba huku jeshi linatia dawa kwenye maji, tena bure.

"Kikombe asubuhi na jioni, ssebo, au mara tatu?"

Nilimwambia ni dawa ya wadudu. Akanijibu kwamba hata kifuani huwa kuna wadudu, nesi mwenyewe ndiye aliyesema. Nikamwambia anuse. Akanusa, akasema dawa ya kweli lazima inuke.

Debe lilikuwa limejaa. Sajenti alikaa mlangoni pa stoo, kama hatua thelathini, aking'arisha viatu. Nilisema lile neno kwa sauti ya chini, lakini pampu ilikuwa ikinguruma na mwanamke hakusikia. Akaniuliza nimesema nini. Nikapaza sauti.

"Sumu, mama. Atakufa."

Sajenti aliacha viatu akaja. Aliniuliza nimesema neno gani. Aliyejibu ni yule mwanamke, bado yuko magotini.

"Sukuma, afande. Nimemwomba sukuma, anasema mpaka nikuombe wewe."

Sajenti alimtazama, akanitazama. Kisha akacheka, akaniambia Wakenya kwa ubahili hatuna wa kushindana nasi. Alikwenda mwenyewe akakata fungu kubwa, majani bado yanachuruzika maji ya pampu, akampa, akabaki amesimama. Mwanamke alimshukuru mara mbili. Kisha akasema hawezi kubeba vyote viwili, akamwaga maji, akaondoka na sukuma kichwani na debe tupu mkononi. Hakunitazama. Nilirudi kwenye pampu kuzima kitu ambacho hakikuhitaji kuzimwa.

Kesho yake nilimkuta Kalerwe sokoni. Nilimuuliza kama wamekula ile mboga. Aliniuliza kama namwona mjinga. Mama yake alikuwa anakunywa maji ya majani ya mpera na bado anakohoa.

"Nilibadilisha na chumvi," alisema. Chumvi siku hizo watu waliiota. "Na aliyeichukua nilimwambia aoshe vizuri."

Nilimwambia kuosha hakutoshi, mboga zilihitaji siku kumi na nne. Nikauliza alimpa nani, akanielekeza kwa kidevu upande wa wauza mboga, akasema wale wote wamevaa namna moja, na yeye alikuwa na haraka.

Nilipita kwenye safu ile nikiinua mafungu moja baada ya jingine na kuyanusa. Wauzaji walikuwa wakiyanyunyizia maji yasinyauke. Mmoja aliniuliza kama nanunua au nabusu, na wenzake wakaangua kicheko. Nilifika mwisho wa safu. Yote yalinuka majani.