Damu Kwenye Udongo wa Matofali

Juzi fundi alikuja kuchimba shimo la choo nyuma ya nyumba tunayopanga hapa Kasulu. Nilikuwa jikoni nachambua maharage. Alipomaliza udongo mwekundu akaufikia ule wa kijivu, unaonata kwenye jembe, na harufu yake ikaingia dirishani: harufu ya chuma kilicholowa na majani yaliyooza zamani. Wengi hawaijali. Mimi niliacha maharage, nikatoka, nikamwambia achimbe taratibu. Akaniuliza kama kuna bomba la maji. Nikasema hapana, achimbe tu taratibu. Alinitazama kama anavyotazamwa mtu aliyeanza kuchanganyikiwa, na simlaumu. Yeye sikumweleza. Acha niwaeleze ninyi.

Mwaka 2013 nilikuwa na miaka kumi, nasoma darasa la nne, tukiishi Busunzu, wilaya ya Kibondo: mimi, mama, na bibi mzaa mama. Baba alikuwa huku Kasulu kwenye useremala, anarudi mara moja kwa mwezi. Kiangazi kile mama aliamua kwamba nyumba yetu ya miti na udongo imetosha. Kabla mvua za mwezi wa kumi hazijarudi, tungefyatua matofali. Kijiji kilimruhusu kuchimba udongo bondeni, upande wa Malagarasi, mahali ambapo masika maji hufika kiunoni, na kiangazi ardhi hupasuka nyufa za kuingiza mkono mzima.

Bibi alikuwa mdogo wa mwili na mwingi wa maneno. Alikuwa na maoni juu ya kuku wa jirani, juu ya sauti ya katekista, juu ya namna mama alivyokunja kanga. Kitu kimoja tu hakukisemea: maisha yake kabla hajavuka mto kutoka Burundi. Alivuka akiwa binti, mama akiwa bado hajazaliwa, na mimi nilijua hivyo tu. Nyumbani alisema Kirundi, ambacho majirani zetu Waha walikisikia bila shida. Kiswahili alikiweka kwa ajili ya zahanati na watu wa serikali.

Jumamosi moja tulikuwa bondeni watatu. Mama anachimba, bibi amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa anamenya karanga na kutusimamia, na mimi nimepewa jembe dogo lililokatwa mpini, nichimbe shimo langu mwenyewe. Nilikuwa nimefika magotini nilipoona tundu jembamba, upana wa dole gumba, laini kama limepigwa lipu. Nikadhani ni la panya. Nikalifuata.

Jembe lilipoingia, mlio ulibadilika. Ulikuwa mlio laini, kama wa kukata papai lililoiva. Nilipolivuta, bapa lake lilikuwa jekundu. Nikaangalia chini. Damu ilikuwa inapanda polepole ndani ya ufa, kisha udongo wenyewe ukasogea, na kutoka humo ikatoka sauti kama ya mtu aliyelala na mafua.

Sikupiga kelele. Nilisimama nimeshika jembe mbali na mwili wangu mpaka mama alipokuja. Aliona. Akamwita bibi.

Bibi sikuwahi kumwona akikimbia. Siku ile alikimbia, karanga zikamwagika zote, akapiga magoti pale shimoni na kuweka viganja vyote viwili juu ya udongo. Ukasogea chini ya mikono yake.

"Ntimurabe," alisema. Msitazame.

Akaanza kusukuma udongo urudi shimoni, kwa mikono hadi kwenye viwiko, haraka haraka. Ghafla akaacha, akaanza kuufukua tena kwa kucha. Kisha akafukia tena. Mama alimshika mabega kwa nyuma akamvuta, na bibi aliendelea kuchota hewa kwa mikono kwa muda, hali yuko mbali na shimo.

Tuliacha kazi ya matofali, tukaacha na ndoo. Nyumbani mama alinawisha mikono yangu mara tatu, akaniambia nikae chumbani. Ukuta wetu ulikuwa wa udongo, nilisikia kila kitu.

"Twende kwa mwenyekiti wa kitongoji," mama alisema.

"Ukamwambie nini? Kwamba Warundi wamekutwa na mtu ardhini?"

"Mama, sisi ni wa hapa."

"Ni wa hapa mpaka siku damu itakapoonekana."

Wakazima taa. Mimi kwenye mkeka nilikuwa nafikiri jambo moja tu: kwamba yule mtu, yeyote aliyekuwa, alikuwa anapumua mpaka nilipompiga na jembe. Jumapili kanisani katekista alihubiri juu ya ndoa, na nilimshukuru Mungu kwa hilo, maana lingekuwa somo jingine ningezimia. Nilificha mikono chini ya mapaja ibada nzima.

Jumatatu nikashindwa. Wenzangu walipotoka kwenda kucheza, nilibaki mbele ya Mwalimu Ouma. Alikuwa kijana mrefu aliyepangiwa kwetu kutoka Shirati, kando ya Ziwa Viktoria, na alikuwa hajazoea baridi yetu. Alifundisha sayansi amevaa koti.

"Mwalimu," nilisema, "nimeua mtu."

Akaweka chaki mezani. "Leokadia, kaa. Mtu gani?"

"Simjui. Alikuwa chini ya udongo bondeni. Nilimkata na jembe. Alikuwa anapumua."

Uso wake ulibadilika. Hakuniuliza mara ya pili. Alinishika mkono tukaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti, na mwenyekiti akaita mgambo wawili. Kufika njia ya bondeni, nyuma yetu tulikuwa na nusu ya kitongoji. Mama aliitwa kutoka nyumbani. Aliponiona nimeshika koti la mwalimu alielewa nani kasema.

"Leoka," aliniambia kwa sauti ya chini, "unajua ulichokifanya?"

Nilijua, au nilidhani najua. Bibi hakuitwa na mtu. Alikuja peke yake nyuma ya wote, kanga amejifunika kichwa.

Mgambo mmoja alitangulia na sepetu. Mwalimu Ouma akamzuia, akasema kama kuna mtu, wachimbe kwa mikono. Akavua koti, akashuka mwenyewe. Alitoa udongo kidogo kidogo, na alipolifikia lile tundu laini alisimama. Akapitisha kidole ndani yake. Akakinusa. Halafu mwalimu wangu akakaa chini na kuanza kucheka, cheko la mtu aliyekuwa amebana pumzi tangu shuleni, mpaka akajifuta machozi.

Mwenyekiti alikasirika. "Mwalimu, unacheka maiti?"

"Hakuna maiti, mwenyekiti. Kuna samaki."

Hakuna aliyemwamini. Bonde lilikuwa kavu. Kwetu samaki ni migebuka mikavu na dagaa wanaoletwa kutoka Kigoma kwenye magunia, na hata waliowahi kuvua mtoni hawakuwahi kuvua kwa jembe. Mwalimu akatoa bonge zima la udongo, akalipasua taratibu kwa ncha ya panga. Ndani kulikuwa na kitu kilichojikunja, mkia umefunika macho, kimevikwa ngozi ya kahawia kavu kama ganda la kitunguu. Chini ya ganda kilikuwa cha kijivu, kinene kama mkono wangu, na mahali pa mapezi kilikuwa na nyuzi nne tu. Karibu na mkia palikuwa na jeraha langu, limeganda na tope.

Kikafungua mdomo, kikavuta hewa. Ilikuwa ile ile sauti. Watu wote walirudi nyuma, na mgambo mwenye sepetu alirudi nyuma zaidi ya wote.

"Kwetu tunamwita kamongo," Mwalimu Ouma alisema. "Ana mapafu, kama sisi. Maji yakianza kuisha anachimba matope kwa mdomo, anajikunja, anajifunika ute wake, ute unakauka. Anajiachia tundu la hewa. Hali, hanywi. Anasubiri mvua."

"Mpaka mwezi wa kumi?" mwenyekiti aliuliza.

"Hata mwaka, mvua zikikosa. Ninyi mnaliona bonde hili ni udongo wa matofali. Masika mto ukijaa, samaki wanapanda humu kutaga kwenye majani, na watoto wao wanakulia humu. Maji yakishuka wengi wanarudi mtoni. Huyu habanduki. Chini ya miguu yenu hapa huenda wako wengi."

Watu wakatazama miguu yao. Kicheko kikaanza, kile cha watu waliokuwa wameogopa pamoja. Mimi nilikuwa nimekaa chini bila kujua nimekaa lini. Sikuwa nimeua mtu. Nilitamani kumwambia kila aliyekuwepo, mmoja mmoja.

Hapo bibi akapita katikati ya watu mpaka ukingoni mwa shimo. Alizungumza Kiswahili chake cha zahanati.

"Mwalimu. Na mtu?"

"Mtu gani, bibi?"

"Mtu. Mtoto. Akifunikwa udongo, anaweza kubaki hai, kama huyu?"

Wapo waliocheka. Mwalimu Ouma mwenyewe alikuwa bado na tabasamu, lakini alikuwa mtu wa adabu, akamjibu vizuri kama alivyotujibu sisi darasani.

"Hapana, bibi. Samaki huyu ameumbwa hivyo. Mtoto akiwa hai, udongo ukimgusa tu usoni, atalia."

"Atalia."

"Lazima alie. Hakuna mtoto atakayenyamaza."

Bibi aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. "Ntiyarize," alisema, bila kumwambia yeyote. Maana yake: hakulia. Mimi nilidhani anamsema samaki, kwamba nilimkata na hakulia, na nikaona ni kweli. Kisha bibi akaketi pale juu ya mabonge, miguu ameinyoosha mbele kama mtoto, akalia bila kujifunika uso. Majirani walisema ni hofu, bibi wa watu kashtushwa bure. Mama alipiga magoti kando yake, mkono mdomoni. Hata yeye alikuwa hajui.

Mgambo walitaka kumchukua samaki awe kitoweo. Mama alikataa. Tulimpeleka ndani ya ndoo hadi kwenye dimbwi lililobaki kati ya mafunjo, akazama bila kugeuka, na matofali yetu tukayafyatulia mwisho mwingine wa bonde.

Nilielewa baada ya miaka miwili. Ilikuwa mwaka 2015, kambi ya Nduta ilikuwa imefunguliwa tena kwa watu wapya kutoka Burundi, na mama na mimi tulikuwa tunarudi kutoka kupeleka nguo za watoto huko. Njiani akaniambia. Bibi alivuka akiwa na mtoto wa kwanza mgongoni, mvulana ambaye hajatimiza mwaka. Walijificha kwenye mafunjo ng'ambo ya mto, askari wakiwa karibu, na mtoto alikuwa na homa. Alipolegea, wenzake bibi walisema amekufa. Walimfukia matopeni kwa mikono, wakamvuta bibi waondoke. Yeye alikuwa amemshika mara ya mwisho na mwili ulikuwa bado una joto. Miaka arobaini hakujua kama alimzika mtoto aliyekufa au aliye hai, na hakuwahi kupata mtu wa kumuuliza.

Mwalimu Ouma alihamishwa kabla sijamaliza shule. Nadhani mpaka leo anakumbuka siku ile kama siku aliyowafundisha watu wa mbali na ziwa habari za kamongo.

Na mimi, katika miaka ile miwili, kulikuwa na jambo nililolifanya kila jioni bila kujua. Tulikuwa tukisali kabla ya kula, bibi akitaja watakatifu, sisi tukiitikia. Tangu wiki ile ya bondeni alianza kuongeza jina moja mwishoni, Melkiori, ambalo sikuwahi kulisikia likitajwa kanisani. Nilidhani ni mtakatifu wa huko kwao. Alipolitaja alisita kidogo, mama aliinamisha kichwa, na mimi peke yangu, kwa sauti kubwa, niliitikia: utuombee.