Nusu ya Godoro la Esha

Jamani, aibu nyingine mtu huzifukia, lakini hii yangu nimechoka kuisikia kwa watu wanaoikosea, basi bora niiseme mwenyewe, nanyi mnicheke hapa hapa mbele yangu.

Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa dereva wa lori dogo la Bwana Rajabali, Mhindi mwenye duka pale Lindi, na mshika usukani siku zile alijiona kama liwali. Nikaposa kijijini Milola, kwa mama mmoja mjane, binti yake wa pekee, Esha, na tajiri wangu akaniazima gari nikamchukue mke wangu. Akaniambia matairi ya nyuma yamekuwa kipara, mapya mawili yapo stoo, niyafunge kabla ya Ijumaa. Nikasema ndiyo. Lakini kufunga matairi kulikuwa kazi ya kutwa, na kutwa hiyo mimi nilitaka kwenda kwa fundi cherehani kujaribu kanzu, basi nikajiambia matairi haya yamenivumilia mwaka mzima, yatashindwaje na Milola? Nikakwangua masizi ya sufuria ya mama, nikachanganya na mafuta ya nazi, nikayapaka mpaka ungedhani yametoka dukani siku ile. (Spea msiniulize, nilishaifunga mbele tangu mwezi uliopita.)

Milola wazee walilizunguka gari wakasema mashaallah, gari jipya. Ndoa ikafungwa, Esha akatolewa ndani kafunikwa gubigubi, kainamisha kichwa, kashikwa mkono na Bi Mwanahawa, somo yake aliyemfunda, na kwetu bibi harusi hafungui kinywa mbele ya mumewe mpaka apewe kipa mkono, zawadi yake ya chumbani, hata akiumwa na siafu. Nikamwona amesita kidogo karibu na gurudumu la nyuma, nikadhani ni haya. Mama yake akanishika mkono.

"Salumu, mwanangu, huyu sina mwingine. Utanifikishia salama?"

"Mama, kwa gari hili?" nikamjibu, na tairi nikalipiga teke, mjinga mimi.

Basi tukaondoka, Esha na somo yake mbele pamoja nami, mashangazi nyuma wakiimba, wamekalia vyombo na godoro la sufi ambalo mama yake alilishona kwa mkono wake. Kwenye mteremko wa mawe, Milola imebaki nyuma na Lindi bado mbali, nikasikia pa! gari likayumba, likaserereka, likasimama ukingoni mwa korongo. Nyimbo zikakatika. Nilipoona hakuna aliyeumia, nikashuka kulitazama tairi.

Tyubu ilikuwa vipande vipande. Sisi madereva wa zamani tairi likipasuka tulilishindilia majani tukafika, lakini kiangazi kile mteremko mzima ulikuwa umechomwa moto, majivu matupu. Nikahangaika na lile tairi, masizi na mafuta yakahamia mikononi, yakatoka mikononi yakaingia kwenye kanzu, mpaka shangazi mmoja akauliza hili gari jipya mbona linachuja. Jua linakwenda, karamu ya walima inangoja Lindi, na neno nililompa yule mama bado sijalitimiza. Ndipo nikasikia sauti kutoka ndani ya ushungi, sauti ambayo sikuwahi kuisikia.

"Pasueni godoro langu."

Bi Mwanahawa akashika kinywa. "Esha! Hujapewa kipa mkono."

"Nitapewa nikifika, somo."

Tukalipasua, nusu ya sufi ikaingia ndani ya tairi, na gari likaenda mwendo wa kobe, linachechemea, sufi inavuja na kupeperuka na kuning'ang'ania kwenye yale mafuta. Hivyo ndivyo nilivyoingia mtaani kwetu, watu wamejipanga pande mbili, ngoma ikanyamaza yenyewe, na mama yangu mzazi akauliza kwa sauti huyu ni bwana harusi au kuku anayenyonyolewa. Lindi nzima ilicheka, hata tajiri alifuta machozi.

Chumbani nikampa Esha bangili zake, nikamwomba radhi. Akasema njia nzima alikuwa ameinama, sura ya mtu hakuiona, ila tairi aliliona vizuri, nyuzi ziko nje.

"Mbona hukusema?"

"Nilifundwa ninyamaze."

"Na ukapanda?"

"Ulishamwambia mama utanifikisha," akasema.

Nililia, sifichi. Asubuhi yake kabla ya chai nilikuwa stoo kwa tajiri, na tangu hapo siwashi gari bila kuinama nikapitisha kiganja kwenye kila tairi, na nikikuta nyuzi sibishani nazo, hata kama ninakwenda sokoni tu. Na Esha akiona kitu husema, tena hajanyamaza mpaka leo. Kilichobaki ni lile godoro. Kila mwezi aliniambia nilinunulie sufi nyingine, na hilo peke yake nililichelewesha kwa makusudi, maana upande uliobaki na sufi ulikuwa mmoja tu, na tulitosha wawili.