Ngoja Baada ya "Nzuri"

Ipo Ijumaa moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka hucheka kwanza, kisha naona haya kidogo. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, nasomea uzamivu wa uchumi, na hapakuwa na jambo nisilolijua. Leo naitwa profesa, nywele zimekuwa nyeupe, na yale niliyokuwa nayajua siku zile yamepungua sana.

Chuo changu kilinituma hapa Dubai kutafiti hali ya kazi ya watu wetu, Watanzania na Wakenya wanaofanya usafi, upishi na ulinzi. Treni ya metro ilikuwa bado haijafika upande wa Deira. Tulivuka khori kwa abra, zile boti ndogo za mbao, kisha tukatembea juani mpaka soli za viatu zikalainika. Nilikuwa na mkoba wa ngozi, kalamu tatu, na rundo la madodoso niliyoyachapisha mwenyewe. Nilijiona mkubwa, mwanangu, na mkoba ule ulizidi kunidanganya.

Sasa sikiliza kosa langu, maana si kosa la mgeni. Mgeni asingeweza kulifanya. Msimamizi wangu, mzee mmoja wa Ulaya, alikuwa ameniandikia swali refu la Kiingereza kuhusu mtu kuridhika na mazingira ya kazi yake. Nikaona watu wetu hawaulizwi hivyo. Nikalifupisha, nikalifanya la kiungwana: "Habari za kazi?" Chini yake nikachora visanduku vitatu, nzuri, wastani, mbaya. Nilijipongeza siku nzima. Nikasema moyoni, hapa hafiki mtu ila mwana wa Tabora.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya mapumziko wakati huo, na watu wetu wengi walikusanyika kwa Bi Mgeni, mtaa wa Al Muraqqabat huko Deira, ghorofa ya tatu juu ya duka la mazulia. Bi Mgeni alikuwa mama wa Kiunguja aliyekuja Deira akiwa msichana na kuzeekea hapo hapo. Alipangisha vitanda, vya juu na vya chini, na Ijumaa alipikia wapangaji na marafiki wa wapangaji, na mtu yeyote aliyepandishwa ngazi na harufu.

Nami nilikuwa na haraka. Jumapili jioni nilitakiwa kusoma matokeo yangu mbele ya umoja wa watu wetu. Umoja ule ulikuwa na meza moja, tukiiita meza ya Ijumaa. Mzee mmoja aliyejua Kiarabu na sheria za kazi alikaa hapo, na mwenye shida na mwajiri wake alimwendea, akaandikiwa barua au akasindikizwa kwenye ofisi ya kazi. Viongozi wa umoja walitaka kuifunga. Walisema wanaokwenda pale ni wachache, kwa hiyo shida hakuna. Wengine wakabisha. Mwisho wakakubaliana wamngoje msomi awaambie ukweli. Msomi mwenyewe, mwanangu, ndiye mimi.

Basi nikakaa sebuleni kwa Bi Mgeni, mkoba magotini, nikawaita mmoja mmoja. Habari za kazi? "Nzuri, alhamdulillah." Alama. Habari za kazi? "Nzuri tu, tunashukuru Mungu." Alama. Akaja Otieno, mlinzi wa jengo moja la maduka, kijana mrefu wa Kisumu mwenye mzaha mwingi. "Poa sana, daktari. Andika poa. Yalla, mwingine akuje." Nikaandika nzuri. Kalamu ilikuwa inakimbia yenyewe.

Baada ya Otieno akaja msichana wa Singida aitwaye Rehema, msafishaji katika hoteli ndogo mtaa wa pili. Alikaa mbele yangu, mikono ndani ya kanga.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Habari za kazi?"

"Nzuri."

Nikaweka alama. Yeye hakuinuka. Aliendelea kukaa, akiniangalia kama mtu anayengoja kitu. Nikamwambia, "Asante mdogo wangu, tumemaliza," nikamwita anayefuata.

Biriani ilipoletwa, rundo langu lilikuwa limekwisha. Tulinawa, tukazunguka sinia. Rehema peke yake akaomba kijiko. Mimi sikuliona hilo, kwa sababu nilikuwa nahutubia. Niliwaambia wenzangu kwamba utafiti umekamilika, kwamba watu wetu wameridhika na kazi zao, na kwamba matokeo yamenyooka kama rula. Bi Mgeni alikitazama kile kijiko, akanitazama mimi, akaendelea kugawa nyama.

Tulipokwisha kula akaniita jikoni.

"Hebu n'oneshe hayo makaratasi yako."

Nikampa kwa fahari. Akavaa miwani, akapekua moja moja bila haraka.

"Nzuri. Nzuri. Nzuri. Hata huyu nzuri." Akayaweka juu ya gunia la mchele. "Mwanangu, mie nikifiwa leo, ukaja ukan'uliza habari za hapa, n'takujibu nini?"

"Utasema nzuri, bibi."

"Enhe. Halafu?"

"Halafu utasema, ila tumefiwa."

"Basi weye umeondoka kabla ya 'ila'. Umeandika salamu, ukaiita utafiti."

Otieno alikuwa mlangoni amebeba sinia. "Daktari," akasema, "hapo umeshikwa."

"Na weye nyamaza, ulosema poa," Bi Mgeni akamwambia, kisha akanigeukia tena. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na weye hata kukaa kitako juu yake hujakaa. Umesimama mlangoni, umeuliza kama kuna kunguni, umeambiwa karibu, umeandika hakuna."

Sikufichi, nilikasirika. Nilisema moyoni, huyu mama wa biriani atanifundisha mimi uchumi wa kazi? Nilitaka kumweleza habari za sampuli na taratibu za kitaalamu. Lakini nilikumbuka simu niliyompigia mama yangu Tabora Jumatano ile. Aliniuliza habari za huku. Nikamjibu nzuri, mama. Nami nilikuwa na siku mbili sijala vizuri, nalia chumbani kwa upweke. Mama hakukata simu wala hakuuliza zaidi. Alikaa kimya, nasikia tu kuku wake wakilia uani, mpaka mwenyewe nikasema, "Ila mama, nimewakumbuka." Mama yangu hakumaliza darasa la nne, na kazi ile niliyokuwa nasomea uzamivu alikuwa anaijua.

Bi Mgeni akamimina chai ya tangawizi vikombe viwili. "Kalamu iache hapa. Mpelekee yule mtoto wa Singida, umuulize tena. Akisema nzuri, usiinuke."

Nikaenda. Rehema alikuwa amekaa kwenye kitanda cha chini karibu na dirisha. Nikakaa naye kitako, kichwa kikigonga chuma cha kitanda cha juu.

"Rehema, habari za kazi?"

"Nzuri, dada."

Nikanywa chai. Nikauliza nyumbani. Hawajambo. Nikauliza mvua za Singida. Si haba. Nikanywa tena. Mwanangu, kunyamaza ni kazi ngumu kwa mtu aliyesoma. Ulimi uliniwasha. Nikajizuia nikitazama moshi wa kikombe.

"Na kazi?"

"Nzuri tu." Akashika kikombe kwa kanga. "Ila ile dawa ya kusafishia vyoo, dada."

Akatoa mikono. Ngozi ya vidole ilikuwa imebabuka, viungo vimepasuka, na pembeni mwa kucha palikuwa pabichi. Akaniambia alikwisha kuomba glovu mara nyingi, na msimamizi wake humjibu bukra, kesho, na kesho yenyewe ilikuwa na mwezi wa pili. Aliogopa kusema sana asije akarudishwa nyumbani.

"Mbona hukuniambia mapema, nilipokuuliza?"

"Ulikuwa umeshasema asante."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ananieleza tu jinsi ilivyokuwa. Nimewahi kukosolewa na maprofesa wakubwa kwenye mikutano mikubwa, na wengine walifurahia kunikosoa, lakini sijaona aibu kama ile ya pale kitandani. Ningeisoma ile karatasi yake Jumapili. Ningewaambia viongozi, Rehema wa Singida, kazi nzuri, fungeni meza.

Nikarudi sebuleni, nikawaomba wote radhi, nikaanza upya. Birika lilijazwa sijui mara ngapi. Nzuri zilikuwa zile zile, hakuna aliyeacha kusema nzuri, lakini safari hii nilingoja, na "ila" zikaanza kuja, moja ikiiita nyingine. Mpishi mmoja hakuwa ameishika pasipoti yake tangu alipowasili. Mwingine alisema kweli kazi ni nzuri, madam wake ni mtu wa haki, ila yeye hajui kusoma maandishi ya mkataba na angependa kujua amekubali nini. Otieno akaja wa mwisho, akakaa akiwa amenuna kwa mzaha.

"Niulize vizuri sasa."

"Habari za kazi, Otieno?"

"Poa." Akanywa chai yote. "Ila kiti. Niko na masaa kumi na mbili ya kusimama, daktari. Miguu inavimba mpaka kiatu inakataa kutoka. Usiandike mambo mingi. Andika kiti."

Nikaandika kiti.

Jumapili nilisimama mbele ya umoja, nikawaambia kwamba kazi yangu ya wiki nzima ilikuwa bure, isipokuwa ya Ijumaa baada ya chakula. Mwenyekiti, mtu wa mambo mafupi, akaniuliza kwa mkato, hali ya kazi ni nzuri au si nzuri? Nikamjibu, "Nzuri, ila." Ukumbi mzima ukaangua kicheko, maana kila mmoja alijua nini hufuata. Nikasoma yaliyofuata, na kicheko kikapungua taratibu. Nilipomaliza hakuna aliyetaka tena kufunga meza. Waliongeza na kiti cha pili, na birika. Hapo ndipo walipojua kwa nini wachache walikuwa wanakwenda. Yule mzee wa meza alikuwa anauliza, "Una malalamiko gani?" na watu wetu wanaona haya kujibu, wanasema hakuna, tulikuja kukusalimia tu.

Rehema alisindikizwa Jumatatu ile ile. Glovu zilipatikana ndani ya wiki, daktari akamtibu, akahamishiwa chumba cha mashuka mpaka mikono ikapona. Kiti cha Otieno kilichukua miezi mingi, na kilipofika hakikuwa na pa kuegemea. Alinipigia simu makusudi kunilalamikia.

Uzamivu wangu ulichelewa mwaka mzima. Msimamizi wangu alifoka, kisha akasoma sura ya tatu, ile ya mbinu, akaipitisha. Tangu hapo nimetafiti kazi mashambani, viwandani na majumbani, nimefundisha nchi tatu, na kila ninapoeleza mbinu zangu huandika kwamba mhojaji hunywa chai na mhojiwa kwanza. Mhakiki mmoja wa jarida aliuliza kama chai hiyo ni ya lazima. Nikamjibu ni ya lazima, na iwe na tangawizi. Makala ilipita.

Bi Mgeni alitangulia mbele ya haki miaka kadhaa iliyopita. Nilikwenda matangani, nikamuuliza binti yake habari za hapa. Akanijibu nzuri. Nikavua viatu, nikakaa.

Rehema yuko mtaa wa Al Nahda, hapa hapa Dubai, sasa ni msimamizi wa wasafishaji katika hoteli kubwa kuliko ile. Kabati lake la glovu halina kufuli. Wiki iliyopita alikuja kunitazama, nikamuuliza habari za kazi, akasema nzuri, nami nikakaa kimya nikimtazama. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Profesa, leo ni nzuri kweli," akasema. Nikamngojea tu. Akachezea pete yake, akasema, "Ila mwanangu wa kwanza anataka kuacha chuo." Tukaweka birika.

Sasa nikuambie wewe, mwanangu, unayekuja na kishikwambi chako chenye maswali mia na saa inayohesabu muda wa kila moja. Sikatai kifaa, hata mimi ninacho. Lakini watu wetu tumelelewa kumpokea mgeni kwa neno jema kabla ya kumtwisha shida zetu. Hiyo ni heshima, wala si uongo, na mwenye kuichukua heshima ya mtu akaiita ukweli wake wote amemdhulumu bila kumgusa. Uliza. Ukijibiwa nzuri, pokea, kaa kitako, kunywa ulichopewa. Usiseme asante mapema. Ukimwona mtu ameomba kijiko mahali wenzake wanakula kwa mkono, acha kuhutubia. Na siku utakapoitwa msomi, ujue kuna mahali fulani meza ya mtu inangoja kufungwa au kubaki kwa neno lako.

Mungu akujalie akili ya kuuliza, na subira iliyo ndefu kuliko maswali yako. Akuepushe na matokeo yaliyonyooka kama rula. Akupe kazi yenye heri, na mikono mizima. Na siku utakayoulizwa wewe habari zako, ukajibu nzuri na moyo umejaa, akuwekee karibu mtu ambaye hatainuka.