Donat Alikuja Kulia Kwenye Kilio Chake Mwenyewe

Siku ya tatu ya kilio, saa nne asubuhi, marehemu alifika mwenyewe, akiendesha kamyo ya samaki.

Alisimamisha kamyo mbele ya nyumba yake. Akaona watu wamejaa uani. Akaona mke wake amekaa chini kwenye mkeka, kitambaa cheusi kichwani.

Akajitupa chini.

"Mama yangu weee! Ni nani alikufa? Ni nani?"

Alilia kutushinda sisi wote, na sisi tulikuwa na mazoezi ya siku tatu.

Utamjibu nini mtu kama yule?

Mimi nilikuwa pale, nimeshika sahani ya bukari, ule ugali wetu. Na mimi ndiye niliyekuwa nimeandika jina lake kwenye ukurasa wa waliokufa. Kwa wino.

Naitwa Musonda. Nina miaka tisini na mbili, na anayebonyeza simu hapa ni mjukuu wangu Simone. Anasema Kiswahili chetu cha Lubumbashi watu wa mbali watakishangaa, kwa hiyo ananinyoosha. Sawa, aninyooshe. Lakini nimemwambia mahali watu wanaongea awaache waongee vile walivyoongea.

Ilikuwa 1955. Mji wetu wa Lubumbashi ulikuwa bado unaitwa Élisabethville, na sisi weusi tulikuwa na upande wetu, Quartier Albert, ile inayoitwa leo Kamalondo. Nilikuwa fundi wa kushona suruali. Kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri, walinifanya karani wa Caisse Tusaidiane.

Hiyo caisse, msidhani ni benki. Ilikuwa sanduku la chuma lenye kufuli mbili, na wanachama kumi na tisa wa barabara mbili.

Kila mwisho wa mwezi unaweka kidogo. Ukiugua, unasaidiwa. Ukitaka baisikeli, unakopa. Na ukifa, mke wako anapewa pesa ya kilio siku ileile.

Hiyo ya kufa ndiyo ilikuwa ahadi yetu kubwa. Shida ni moja tu: kwa miaka mitatu hakuna mwanachama aliyekubali kufa.

Basi hakuna aliyetuamini.

"Munakula feza ya bantu," walituambia barabarani. "Musonda ananenepa."

Mimi! Fundi wa suruali ambaye suruali yake mwenyewe ilishikwa na kamba!

Prezida wetu alikuwa Bwana Clovis, mtu wa Kasai, karani wa ofisi ya mizigo, miwani puani na kalamu mbili mfukoni. Alikuwa ametunga kanuni kumi na mbili kwa Kifaransa, na alizipenda kuliko watoto wake. Ukifika umechelewa, anapaza sauti, "Article neuf!", kifungu cha tisa. Ukikohoa mkutanoni, nadhani kulikuwa na article yake pia.

Article cinq ilisema mwanachama ni mwanaume. Mwanamke anaingia tu akiwa mjane, akikalia kiti kwa jina la marehemu bwana yake.

Hivyo ndivyo alivyoingia Mama Chola, muuza munkoyo, kile kinywaji cha mahindi; bwana yake alikuwa amekufa kabla Caisse haijaanza. Tulimpa funguo za sanduku kwa sababu alikuwa mtu pekee ambaye wanaume wote waliogopa kumwomba mkopo.

Na Donat? Donat alikuwa mwanachama wa kumi na moja, dereva wa Mgiriki mmoja mfanyabiashara wa samaki. Alikwenda Kilwa, kule ziwani Mweru, akakaa wiki mbili, tatu, akarudi ananuka. Kila safari alikaa zaidi kidogo. Barabara mbaya, alisema. Kamyo imekwama Kasomeno, alisema.

Mke wake, Virginie, hakujua kusoma wala kuandika. Barua zake kwenda Kilwa nilimwandikia mimi.

Siku moja alikuja kwenye cherehani yangu na barua iliyoletwa na kamyo nyingine.

"Musonda, nisomee. Iko natoka kule kwa Donat."

Nikafungua. Mistari miwili, bila jina la mwandishi.

"Donat alikufaka siku ya ine. Tulimuzika. Musimungoje."

Nilisoma kimya mara mbili. Virginie alinitazama usoni, na akajua kabla sijafungua mdomo. Kelele aliyoipiga ilinifanya nijidunge kidole kwa sindano.

Nikampeleka kwa Clovis na ile barua, nikamwita na Mama Chola. Clovis akaisoma, akaigeuza nyuma, akaiinua kwenye mwanga.

"Hakuna certificat," akasema. "Article sept inaomba certificat."

Mama Chola akasimama na funguo zake.

"Muntu amekufa, na weye unataka akuletee karatasi yeye mwenyewe?"

Akafungua sanduku. Tulimlipa Virginie mbele ya majirani wote, mchana kweupe, kabla hajamaliza kupangusa machozi. Watu walipanda juu ya matofali ili waone. Sanduku lilikuwa na pesa kweli! Nilisikia mtu akisema hivyo kwa sauti ya kukata tamaa, kama ameshindwa ugomvi.

Siku ya tatu ya kilio ndipo marehemu akaja.

Katekista wetu, aliyekuwa akiombea roho yake, aliruka ua na kuacha kitabu cha sala. Wengine walikimbia, lakini na sahani zao. Mama Chola peke yake alimkaribia, akamchoma mguu kwa mwiko wa bukari.

"Iko na joto," akatangaza. "Iko muzima, huyu mupumbavu."

Donat akainua kichwa.

"Ni nani alikufa?"

"Njo weye. Ni weye mwenyewe," akasema Virginie.

"Miye? Siku gani?"

"Siku ya ine. Kule Kilwa."

Donat akafikiri. Akaangalia masufuria, watu, kitambaa cheusi.

"Na Caisse ililipa?"

"Ililipa."

"Yote?"

"Yote."

Naapa, mtu yule alitabasamu. Akavuta kiti, akanawa mikono, akala bukari ya kilio chake mwenyewe, na akaomba kuongezewa sombe, mboga ya majani ya mihogo.

Wakati yeye anakula, mimi nilikuwa nimeanza kuliwa.

Kabla jua halijazama, hadithi ilikuwa imekamilika katika Quartier Albert. Nani anamwandikia Virginie barua? Musonda. Basi na hii nani ameiandika? Musonda. Wamegawana pesa. Tena wanalala pamoja.

Wanalala pamoja! Mimi nilikuwa nimemshonea blauzi moja tu, na hiyo blauzi hajailipa mpaka leo.

Wanachama walikuja mmoja mmoja kudai akiba zao. Wengine hawakunisalimia. Jirani yangu, ambaye nilishona suti ya ndoa yake, alitema mate mbele ya cherehani. Hiyo iliniuma kuliko maneno.

Kisha ikaja karatasi kutoka kwa mzungu msimamizi wa cité, ile mitaa yetu sisi weusi. Prezida na karani wafike baada ya siku nane, na vitabu vyote. Tulijua maana yake. Caisse inafungwa, na sisi wawili tunaweza kurudishwa kijijini kwa nguvu. Kijiji gani? Mimi nilizaliwa pale pale mjini!

Clovis alivua miwani, akalia. Nilimwonea huruma, halafu nikakumbuka mimi pia ninaenda, nikajionea huruma mimi.

"Mumalize kulia," akasema Mama Chola. "Barua ilitoka Kilwa. Naenda Kilwa."

Akapanda kamyo ya magunia asubuhi ile, akiwa na chupa ya munkoyo na kisu cha kumenyea mihogo. Siku sita hatukusikia kitu. Nilishona suruali moja na kuikata fupi miguu yote miwili.

Siku ya saba, Jumapili, mkutano mkuu ulifanyika nyuma ya nyumba ya Mama Chola. Wanachama wote walikuja, na watu mia ambao si wanachama, kwa sababu mchezo wa bure haukosi watazamaji. Donat alikaa mbele, amechana nywele vizuri.

Mama Chola akatokea mlangoni, vumbi hadi kwenye nyusi. Nyuma yake mwanamke kijana, mrefu, amebeba kikapu cha samaki wakavu.

Donat akasimama ghafla. "Nimesahau kufunga kamyo."

"Kaa," akasema Mama Chola.

Akakaa.

Yule mwanamke akaweka kikapu chini.

"Naitwa Wivine. Niko bibi ya Donat kule Kilwa, sasa myaka mbili."

Virginie alisimama pole pole.

"Alituambiaka bibi yake ya Élisabethville alikufa," akaendelea Wivine. "Alilia mbele ya baba yangu mpaka baba naye akalia. Bavuvi bote balichanga. Balimupa feza ya kilio na mufuko moja ya samaki. Halafu balinipa miye, juu asibaki peke yake na huzuni."

"Uongo!" akasema Donat, lakini kwa sauti ndogo.

"Juzi nafua koti yake, nakuta barua. 'Bwana yangu, unga imeisha, utarudia lini? Ni miye Virginie.' Nikasema, kumbe! Marehemu iko analia njaa?"

Mtu akacheka, akajizuia.

"Basi nikaandika ile barua. Yeye alimuzika yaya Virginie, dada yangu huyu, bila kumuuliza. Na miye nikamuzika yeye. Biko sawa."

Hapo hakuna aliyejizuia tena. Clovis mwenyewe alicheka, akaweka kiganja mdomoni kana kwamba kuna article inayokataza. Na mimi, niliyekuwa mwizi na mzinzi kwa zaidi ya siku saba, nilikaa juu ya vitabu vya Caisse, nikacheka nao.

Lakini Virginie alikuwa anatembea kumwelekea Wivine. Wanaume wakasogeza viti ili wasivunjiwe. Tulingoja makofi.

Virginie akasimama mbele yake.

"Kule Kilwa," akauliza, "balinililiaka muzuri?"

Wivine akashangaa. Akajibu taratibu.

"Siku mbili, yaya. Bamama bote. Miye mwenyewe nilikulilia."

"Asante," akasema Virginie.

Nimeishi miaka mingi, na sijasikia asante nzito kama ile.

Kisha akafungua pindo la kitambaa chake, akatoa pesa zilizobaki, akaziweka mezani.

"Hii ni feza ya Caisse. Ile ingine iko ndani ya matumbo yenu. Munalia kidogo, munakula mingi." Akamgeukia Clovis. "Sasa muniandike. Kwa jina yangu, si ya bwana."

Clovis akakohoa. "Mama, article cinq inasema..."

"Ile article cinq," akasema Mama Chola, "njo nitawashia moto ya sombe."

Walipiga kura kwa mikono. Ilipita. Hata watu wasio wanachama walinyoosha mikono, na hakuna aliyejali.

Wivine akauliza kama mtu wa Kilwa anaweza kuandikwa. Nikamwandika chini ya Virginie, kwa wino uleule.

Donat? Waliamua arudishe kila kitu kilicholiwa kwenye kilio, kutoka mshahara wake. Na kwa mwaka mmoja jina lake libaki kwenye ukurasa wa waliokufa. Yaani anaweka pesa, lakini mkutanoni haongei. Alipojaribu kulalamika, Clovis alinyoosha kidole: "Silence! Marehemu hana neno."

Wake zake wote wawili walimkataa siku hiyohiyo. Alilala kwenye kamyo mpaka Mgiriki akalalamika.

Kesho yake tulikwenda kwa msimamizi. Clovis alieleza yote kwa Kifaransa chake kirefu. Mzungu alisikiliza, uso wake ukawa mwekundu, nikadhani tumekwisha. Kumbe alikuwa anabana kicheko. Alicheka mpaka kofia yake ikaanguka chini ya meza. Akarudisha vitabu, akasema tuendelee. Ila huyo Donat, mfu au mzima, hajalipa kodi ya mwaka ule.

Nilifikiri tutakuwa kichekesho cha mji na mambo yataisha. Kichekesho tulikuwa kweli. Walitutungia hata majina.

Lakini Jumapili iliyofuata nilipofungua daftari, nje kulikuwa na mstari. Wanawake. Wauza mihogo, wafua nguo, wauza mkaa, mke wa katekista aliyeruka ua. Na nyuma yao wanaume waliokuwa wanatuita wezi.

Nilimwuliza mmoja, "Juu ya nini munakuya leo? Tulidanganywa kama batoto."

"Njo juu ya ile," akanijibu. "Munalipa hata mwenye hajafa. Mwenye amekufa mutamulipa aje?"

Mwisho wa mwaka tulikuwa mia mbili na kumi na wanne. Kule Kilwa, Wivine alikusanya wauza samaki, akatuletea akiba zao kwa kamyo. Clovis hakufurahi kabisa. Kanuni zake kumi na mbili hazikuleta mtu hata mmoja kwa miaka mitatu, na maiti wa uongo akaleta karibu mia mbili kwa mwaka mmoja.

Na mimi?

Virginie alisema hatamwandikisha mtu barua tena maisha yake yote. Akaenda kujifunza kusoma kwa masista, jioni jioni. Alijifunza haraka, kwa hasira. Mwaka 1957 alisimama mkutanoni, akasoma hesabu zangu kwa sauti, na akaonyesha makosa manne.

Wakampigia kura. Akawa karani yeye.

Nikarudi kwenye suruali zangu.

Nilinuna mwezi mzima, sitadanganya. Lakini niliendelea kuweka akiba yangu pale, kwa sababu nilijua ile meza ina mtu anayeona kila mstari. Ninyi mnaoanzisha vikundi vyenu siku hizi kwenye simu, andikeni kanuni nyingi mnavyotaka. Watu hawatakuja kwa sababu ya kanuni. Watakuja siku wakiona mmoja wao analia na sanduku linafunguka. Na mkitaka mtu wa kulilinda hilo sanduku, mpeni yule mliyekuwa mmemnyima hata kiti.