Jicho Alilolifuta Mpiga Picha

Saa nne asubuhi, mteja wa kwanza hajaingia. Mpiga picha, mwenye miaka hamsini na minane, mtaa mzima humwita Tabasamu kwa sababu yeye mwenyewe hatabasamu. Ameinamia kompyuta kama anayesaka chawa. Anaikuza picha ya mtoto wa kike. Anaikuza tena.

Kwenye mboni ya kushoto kuna weupe, kama punje ya wali.

"Huyu nilimfuta mwaka jana," anasema. "Kwa mkono wangu huu."

Kwa miaka ishirini Tabasamu amewapiga picha watoto wa chekechea na kuwatoa wazuri kuliko walivyotoka kwao. Kamasi anafuta, uji shavuni anafuta. Jicho liking'aa jeupe alilipaka weusi, akidhani ni makosa ya taa yake. Wazazi walimshukuru, naye akavimba kichwa.

Mwezi uliopita dada yake, muuguzi wa wodi ya macho, alimkuta akilipaka weusi jicho jeupe kwenye picha ya mvulana wa miaka miwili.

"Kaka, unafanya nini?"

"Namrembesha mtu."

"Acha hapo hapo. Mpigie mama yake."

Ilikuwa saratani ya jicho. Mvulana alilazwa kwa dawa ya usingizi, madaktari wakamulika ndani ya jicho na kukuta uvimbe umelijaza. Walilitoa kabla haujapenya kwenye mshipa uendao ubongoni. La pili ni zima, ila hupimwa kila mwezi.

"Uvimbe ukiwahiwa ungali mdogo, tunauchoma kwa mwanga au tunampa dawa, na jicho linaweza kubaki," anasema muuguzi. "Ukichelewa, hatuombei tena jicho. Tunamwombea mtoto."

Tangu siku hiyo Tabasamu anazifungua picha za zamani, zile za kabla ya kusafishwa. Ameshapita mia nne.

Anampigia simu mama wa yule mtoto wa kike.

"Mzee wangu, kama ni kalenda ya picha zako, sinunui," mama anacheka.

"Si kalenda, mwanangu. Mtoto anaonaje?"

Kicheko kinakatika. "Jicho moja siku hizi linakwenda upande. Bibi yake anasema ni madeko tu. Kwani nani kakwambia?"

"Mlete sasa hivi. Nawapeleka kwa dada yangu."

Anafunga duka. Mfukoni ana picha mbili: aliyoiuza na ile ya kweli.

"Ninachotaka, daktari amulike asione kitu," anasema, ufunguo ukikosa tundu la kufuli mara mbili. "Aseme, mzee, umetusumbua bure. Anicheke mpaka wodi nzima isikie."